Kuni za Moto na Kuni za Harufu

Wiki iliyopita mjukuu wangu Fadhili, ambaye siku hizi ana jiko lake la nyama Masasi mjini, alinipandia huku Newala na mfuko uliojaa vitu mfano wa chakula cha kuku. Akaniamkia, nikamwitikia, akanimiminia vichache kiganjani.

"Bibi, hivi ni vidonge vya kuni. Ni unga wa mbao, umeshindiliwa kwa mashine. Vinatoka Dar. Kila mfuko una ladha yake. Huu wa tufaha, mwingine wa mcheri."

"Mcheri ndiyo nini?"

"Tunda, Bibi. La Ulaya."

"Umewahi kulila?"

"Sijawahi."

"Mteja wako?"

"Naye hajawahi."

"Sasa atajuaje kama umemwibia?"

Akacheka, lakini hakuja kuchekeshwa. Yeye na wenzake pale stendi wamebishana ladha ipi wanunue, wakaona wamtume kwa bibi kizee aliyechoma nyama mpaka kope zikaisha. Nikamwambia rudi kazini, nitawaandikieni. Basi haya hapa. Someaneni huku mbuzi anaiva. Mbuzi anayeiva vizuri anawapa muda wa kusoma, na anayewanyima muda huo mmemwekea moto mkali mno.

Kitu cha kwanza, na wengi wenu hamkijui kwa sababu mlianza na mkaa wa gunia: moto na harufu ni kazi mbili. Kuni za moto ni za kukupa makaa yatakayokaa nawe mpaka mteja wa mwisho afute mikono. Hapo nataka myombo, nataka mkwaju. Kuni za harufu ni kidogo tu, kipande kama ngumi, unakisogeza pembeni ya makaa kifuke polepole. Hapo nataka mwembe, mpera, au mkorosho mkavu uliobanduliwa gome. Hilo gome lishikeni, tutalirudia, maana ndilo lililonihamisha.

Na moshi wenyewe usubiriwe. Ukiwa mweupe, mzito, kama wa kufukuzia nyuki, nyama ikae mbali. Unaacha uchungu ulimini, na mteja atadhani mbuzi alikufa na kinyongo. Ngoja upungue, uwe mwembamba, uelekee kuwa wa buluu. Hapo ndipo uweke nyama, tena upande usio na makaa chini yake. Mafuta yakidondokea motoni yanatoa moshi wa kwake, na huo hukuununua wala hukuuchagua.

Haya sikuyatoa kichwani mwangu. Alinifundisha mjomba wangu Litunu, wa Mkunya, ndugu wa mama, mwindaji wa enzi ambazo ukishuka kuelekea Ruvuma ulikuwa bado unakutana na nyama yenye miguu. Alikausha kwenye uchaga nyuma ya nyumba, na nyama yake ilisafiri mpaka Mtwara haijapata harufu mbaya. Mjomba alikuwa na maneno machache na muhogo mwingi. Kila alipopata mti asioujua, hakuupima kwa nyama. Alichemsha muhogo bila chumvi, akaukata vipande, akaviweka juu ya moshi wa mti ule. Akamenya karanga zake bakuli zima, ndiyo saa yake. Zikiisha, anachukua kipande, anatafuna, anameza, ananyamaza.

"Mjomba, mbona husemi?"

"Bado sijaonja."

"Si umeshameza?"

"Unaonja baada ya kumeza, mwanangu. Kinywani kila kitu kitamu. Ngoja uone kinachobaki."

Akanieleza kwamba nyama inaficha mambo. Ina mafuta, ina chumvi, ina damu, moshi mbaya unajibanza humo hata usiuone mpaka kesho yake. Muhogo hauna ladha ya kujitetea. Moshi ukiwa wa uongo, muhogo unausema hapo hapo. Ndiyo maana maisha yangu yote ya kazi, pembeni ya wavu wangu palikuwa na kipande cha muhogo. Wateja walidhani ni chakula changu cha mchana. Niliwaacha wadhani, maana mtu akikuona unakula muhogo mtupu anaona haya kukuomba punguzo.

Msidhani sikuharibu. Kulikuwa na mchonga vinyago mmoja jirani, akawa anatupa vipande vya mpingo, mimi nikaona huyu hana akili, kuni za bure hizi. Nikavijaza jikoni. Jamani! Mpingo ule ulitoa moto wa kufulia vyuma. Wavu ulilegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na miguu ya kuku ikatumbukia motoni wakati mwenye kuku ananitazama. Akaniuliza, "Mama Salima, ndiyo mtindo mpya?" Nikamwambia ndiyo, na bei yake ni ileile. Alilipa, lakini kwa kununa. Mpingo muwaachie wachongaji. Na mnyaa ule wa kwenye ua, hata mkavu, usikaribie jiko, utomvu wake ni adui wa macho. Mbao zenye rangi, nguzo zilizopakwa dawa, usiguse. Na maganda ya korosho, nani kati yenu hakuunguzwa midomo utotoni? Mafuta yale yanayochubua ngozi yakipanda na moshi hayageuki asali.

Sasa nije kwenye gome.

Zamani kidogo, kabla ya ruksa ya biashara huria, Masasi ilikuwa haichomi nyama ya kuuza, au tuseme inachoma kwa bahati. Chumvi foleni, sukari foleni, nyama yenyewe bucha likifungua mnasikia kwa majirani limeshafunga. Kisha milango ikafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi wa korosho na magari yao, wanalala nyumba za wageni, wanakula nje, na mkulima naye akiuza vizuri anakaa kiti cha mbele na kuagiza mguu mzima kama aliyezaliwa nao. Baa zikaota kama uyoga baada ya mvua. Kubwa ilikuwa ya Baba Rehema, karibu na stendi, ina veranda ndefu na redio yenye sauti ya kuvunja ndoa. Mimi nilikuwa na jiko langu uani kwake, nusu pipa na wavu. Yeye anauza vinywaji, mimi nauza nyama, kila mtu anamvutia mwenzake wateja.

Wanaume walinisema sana. Eti nyama ya kuchoma ni moto wa kiume. Mmoja, dereva wa lori, aliniambia mbele za watu, "Mwanamke na wavu wapi na wapi?"

Nikamuuliza, "Mkeo nyumbani anapikia jua?"

Akaagiza kilo.

Kuni nilikuwa naletewa na Bakari, kutoka Chiungutwa, kwa baiskeli. Bakari alikuwa mwaminifu kwa kiasi cha kawaida. Alipenda kuweka fimbo zilizopinda katikati ya mzigo ili uonekane umenenepa.

"Mama Salima, leo nimekujazia."

"Umenijazia upepo. Fungua kamba."

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini. Kamba ndiyo siiamini."

Anafungua, nahesabu. Nikimaliza nahesabu tena kuanzia upande mwingine, maana macho yanachoka yakielekea upande mmoja. Lakini kwa jambo moja sikuwahi kugombana na Bakari: mwembe wake ulikuwa mwembe, na mkorosho wake ulikuwa tawi lililojifia lenyewe, amelibandua gome kabla hajalifunga. Hilo nilimlipa bila kulalamika, ila kulalamika kidogo kwa ajili ya heshima.

Msimu mmoja ukiwa unanukia, watu wameshaanza kusafisha chini ya mikorosho, Baba Rehema akaniita ofisini kwake, yaani nyuma ya makreti. Pamoja naye alikuwa shemeji yake, Hamisi, mtu mwenye shamba kubwa na pikipiki. Nikawasalimu, wakanikaribisha kiti. Nilipokaribishwa kiti nikajua kuna jambo, maana siku zote nilikuwa nasimama.

"Mama Salima," Baba Rehema akasema, "kuanzia sasa kuni zote za hapa zinatoka kwa shemeji. Amepunguza matawi shambani, lori zima. Mkorosho mtupu, kama unavyopenda."

Nikamgeukia Hamisi. "Baba, matawi umekata lini?"

"Sasa hivi. Mabichi hayamo, ni yale makavu makavu."

"Na salfa ulipuliza lini?"

Akacheka. "Nilipuliza vizuri mwaka huu. Huoni mikorosho ilivyobeba maua?"

Nyie watoto wa wakulima hamna haja ya kuelezwa, lakini Fadhili kakulia mjini, kwa hiyo nieleze. Ubwiri unga ukiingia kwenye mikorosho, maua yanakauka, huna korosho. Dawa yake ni salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwa mashine alfajiri wakati umande upo, ili ushike. Na unashika kwelikweli. Unashika jani, ua, tawi, na gome lenye mikunjo linautunza kama mkoba. Tawi lililokauka juu ya mti limekula salfa msimu mzima. Ulitie motoni uone: harufu ya kibiriti kilichowashwa puani mwako. Mtu wa mikoa ya bara asingelifanya kosa hili, hana mkorosho wala salfa. Ni sisi tu.

Nikawaambia haya. Hamisi akasema moto unamaliza kila kitu. Nikasema basi tujaribu. Nikachukua vipande vya kuni zake, nikavitia jikoni, nikaweka muhogo wangu juu yake. Hatukuwa na karanga, tukasubiri kwa mazungumzo, na mazungumzo yenyewe hayakuwa matamu. Kisha nikampa Baba Rehema kipande.

Akatafuna. Akameza. Nikamwangalia shingoni. Akakunja uso, akakohoa, akatafuta soda.

"Umeuonja?" nikamuuliza.

"Nimeuonja."

"Muhogo unasemaje?"

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa bado naamini kwamba mtu akiona jambo kwa ulimi wake mwenyewe atalikubali. Baba Rehema akashusha chupa, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama Salima, ni kweli moshi unanuka. Lakini huyu ni shemeji yangu. Lori limeshashushwa. Ongeza pilipili."

"Niongeze pilipili?"

"Ongeza pilipili na ndimu. Walevi hawataona."

"Wataona, Baba. Hawatasema nyama ya Baba Rehema inanuka. Watasema nyama ya Mama Salima."

"Basi, kama hutaki, uani pangu wapo wengi wanaopataka."

Hapo ndipo mambo yalipofika, na nataka mjue lilikuwa jambo gani. Msimu unaanza. Ndio wakati pekee wa mwaka ambapo Masasi yote inakula. Nikiondoka uani pale sina pengine, na watoto wangu wanakula kutokana na wavu ule. Nikibaki, jina langu linafukizwa salfa mbele ya wageni wote, na jina likishanuka halioshwi kwa ndimu. Nilipiga hesabu. Nikaipiga tena kutokea mwisho kuja mwanzo. Zote mbili zilitoka na jibu moja, na sikulipenda.

Nikarudi kwenye jiko, nikamwaga makaa, nikasubiri pipa lipoe. Watu wakaniuliza kulikoni. Nikasema nasafisha. Pipa lilipopoa nikaliviringisha kutoka nje ya geti, wavu begani kama mtu anayekwenda kuvua. Baba Rehema alisimama verandani akaniambia, "Mama Salima, usiwe na hasira za kitoto, unakwenda wapi na pipa?"

"Sina hasira, Baba. Nabadilisha hewa."

Ng'ambo ya barabara, karibu kutazamana na veranda yake, alikuwa anakaa Mama Anna, fundi cherehani, mjane. Alikuwa na kiwanja kitupu kando ya kibanda chake, chenye mavumbi na mbuzi wa watu. Nikamwomba. Akanitazama, akalitazama pipa.

"Nguo za watu zitanuka moshi."

"Zitanuka vizuri."

"Utanilipa nini?"

"Maini. Kila siku nikichoma, maini ya kwanza ya kwako."

"Na figo."

"Figo moja."

"Mbuzi ana figo mbili, Mama Salima."

"Na mimi nina watoto, Mama Anna."

Tukakubaliana figo moja moja, siku za Jumapili zote mbili. Ni mwanamke pekee Masasi aliyewahi kunipandisha bei huku anatia uzi kwenye sindano.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Nilipofika kwa Mama Anna sikuliweka pipa mahali pa kwanza nilipoona kivuli. Nilichukua majivu makavu kidogo, nikayarusha juu, nikaangalia yanakwenda wapi. Nikasubiri jioni, nikarusha tena. Wakati wa kiangazi upepo wetu unashuka kutoka huku kwetu uwanda wa juu, upande wa Newala, unaambaa kando ya ile milima ya mawe, unavuka barabara. Asubuhi unayumba. Jioni unaamua. Nikalisogeza pipa hatua kidogo, nikarusha majivu tena, mpaka nikaona yanavuka barabara yote na kutua palepale nilipotaka yatue. Ndipo nikaliegemeza mawe.

Siku ya kwanza sikuuza kitu cha maana. Hewa ilisimama kabisa, moshi wangu ukapanda juu kama umekwenda kushtaki. Kule kwa Baba Rehema walikuwa wamepata mchomaji mwingine, kijana mzuri tu, hana kosa, amepewa kuni na pilipili. Veranda ilijaa. Mtu mmoja akanipigia kelele kutoka kule, "Mama Salima, unamchomea nani, mbuzi wa Mama Anna?" Wakacheka wote. Nikala muhogo wangu. Bakari akaniletea mzigo wa mwembe, na kwa mara ya kwanza hakuweka fimbo zilizopinda katikati. Nilihesabu vilevile.

Siku iliyofuata, jua likianza kuinama, nikasikia kitambaa cha Mama Anna kinapigapiga mlangoni. Upepo. Nikatandaza makaa ya myombo, nikaweka mbavu upande wa pili, kisha nikachukua kipande cha mpera na kipande cha mkorosho wa Bakari, mweupe, hauna gome, nikavisogeza pembeni. Nikausubiri ule moshi mzito upite. Nilikuwa na haraka kuliko siku yoyote maishani mwangu, na bado niliusubiri. Ulipokuwa mwembamba nikachota mafuta ya mbavu, nikapaka juu, nikakaa.

Ukavuka barabara.

Mtu aliyekaa verandani hakuuona, maana moshi mzuri hauonekani. Aliunusa. Niliona mmoja ameshika nyama mkononi, ameinama kuila, akasita. Akainusa ile ya mkononi. Akaangalia huku. Akamwambia jirani yake kitu, jirani naye akanusa. Kisha yule wa kwanza akainuka na bia yake mkononi, akatazama kushoto na kulia kama mtoto aliyefunzwa vizuri, akavuka.

"Shikamoo Mama Salima."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Nipe mbavu. Kule leo tunakula njiti za kiberiti."

Wakavuka wengine na chupa zao. Mama Anna ikabidi atoe benchi la wateja wa nguo.

Kabla giza halijaingia Baba Rehema mwenyewe akavuka. Amevaa kofia yake ya kwendea msikitini, uso umekaza. Watu wakawa wanatafuna kwa adabu.

"Mama Salima, huo moshi wako unaingia kwangu."

"Naona."

"Uzuie."

"Niuzuie na nini, Baba Rehema? Niufunge kamba?"

"Lihamishe hilo pipa. Unanichukulia wateja kwa moshi. Hiyo ni biashara gani?"

Nikageuza mbavu zangu, maana upande ulikuwa umeiva, halafu nikamjibu. "Baba, si tumetangaziwa sote redioni? Tena kwenye redio yako, ndiyo inayosikika mpaka Chiungutwa. Wamesema sasa ni soko huria. Basi nyama yangu iko huria, na moshi wangu uko huria. Ukiona unakukera, waambie wateja wako wazibe pua."

Watu wakapasuka. Hata Mama Anna, ambaye hacheki ovyo akiwa na pini mdomoni.

Baba Rehema hakuondoka. Alisimama pale, upepo unampitia. Nikamwangalia shingoni kama siku ile, nikaona anameza mate. Nikachukua kipande cha muhogo pembeni ya wavu, kimepata rangi ya asali, nikampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima. Nyama sikumpa. Alitafuna, akameza, akangoja. Safari hii hakutafuta soda.

"Rudi uani," akasema polepole. "Shemeji nitaongea naye."

"Ahsante, Baba. Lakini kwako upepo hauvumi vizuri."

Nilichoma nyama kwenye kiwanja cha Mama Anna mpaka magoti yaliponikataza. Baba Rehema alikuwa ananunua kwangu kama watu wengine, kwa bei ya watu wengine.

Sasa, Fadhili, rudi kwa wenzako na vidonge vyenu. Sivikatai. Mti ni mti hata ukisagwa. Ila jina lililoandikwa kwenye mfuko halijawahi kupita mdomoni mwa mtu. Chemsheni muhogo bila chumvi, uwekeni kwenye moshi wa hilo tufaha, menyeni karanga, mle, mmeze, mngoje. Ukibaki utamu ulimini, nunueni. Ukibaki uchungu, mrudishieni mwenyewe akawape kuku.

Na siku atakapokuja mtu, shemeji wa mtu, akuambie moshi ameuonja na ni kweli unanuka lakini choma hivyohivyo, usimwage machozi wala pilipili. Ngoja pipa lipoe. Rusha majivu, uangalie yanakwenda wapi. Rusha tena kuhakikisha. Kisha vuka barabara.